Uso Mmoja Uliosajiliwa

Dada yangu Nassra anapiga picha za harusi za wanawake. Wapo wanaodhani kazi hiyo ni kujipamba na kula biriani. Ukumbini Nassra husimama saa tano bila kukaa, viatu kavua, buibui kalikunja ndani ya mkoba, na biriani huwa naila mimi. Jina langu Nusrat, mdogo wake. Nabeba taa, na nasema maneno ambayo yeye hayasemi: jamani sogeeni, mama shusha huo mkono, wewe wa kijani umeshapigwa mara sita, mpishe mwenzio. Watu wananiita mkali. Sikatai.

Kazi yetu ina sharti moja na ndilo lililotupa jina. Wanawake wakikusanyika ukumbini huvua mabuibui, nywele nje, mabega nje, dhahabu nje, na picha hizo hazitakiwi kufika mbele ya mwanamme asiyehusika. Simu hukusanywa mlangoni ndani ya kapu. Kamera ya Nassra tu ndiyo huingia. Kesho yake tunakwenda nyumbani kwa bi harusi, tunakaa na mama yake na mashangazi zake, tunachagua picha kwenye kompyuta yao wenyewe. Kisha Nassra anachomoa kadi kwenye kamera, anaitia katika bahasha na kumkabidhi mama mkononi. Sisi hatubaki na kitu. Miaka ishirini na mbili tumepiga maharusi wa nusu ya mji, na hatuna hata picha moja ya kumwonesha mtu.

Kamera yenyewe ni hizi za siku hizi, zisizo na kioo ndani. Ile ya zamani ilikuwa na kioo kilichoruka kila ukibonyeza, na fokasi ulikuwa unaihangaikia mwenyewe: unapeleka kidoti kwenye jicho la bi harusi, bi harusi anageuka kumsalimia shangazi, unaanza upya. Hii mpya inayatafuta macho yenyewe. Ukichungulia kwenye kitundu unaona kisanduku cheupe kimekaa juu ya jicho la mtu. Akitembea kinatembea naye, akipitiwa mbele na mwengine kinasubiri, kinamdaka akitokea upande wa pili. Nassra alikuwa ameshaanza kuhitaji miwani, kwa hiyo kamera ile ilimwongezea miaka ya kazi. Alipoinunua alishinda nayo nyumbani wiki nzima, na mwanawe Sumaiya akimsomea kitabu cha maelekezo.

Sumaiya alikuwa mtoto wake wa pekee. Alifariki mwaka jana kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka ishirini na tatu. Alikuwa akivaa ninja ya kufunika uso tangu skuli, na alikwisha kutuusia, siku moja tukiwa tunamenya vitunguu, kwamba akifa picha zake zote za kichwa wazi zifutwe, zisibaki zinazunguka na yeye hana mdomo wa kujitetea. Tulimwambia aache uchuro. Siku ya tatu ya msiba, baada ya hitma, Nassra alikaa kitako juu ya mkeka akaanza kufuta. Alifuta simu yake, akafuta yangu, akafuta kompyuta, akazifuta kadi zake za nyumbani moja baada ya moja. Alifanya taratibu, kama anayechagua mchele. Zilibaki picha za utotoni tu, kitoto chenye mapengo ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

Mimi nililia mpaka nikaumwa kichwa. Yeye hakulia, siku ile wala baadaye. Watu walimsifu kwa subira. Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja, na sikuiona subira yoyote. Nilimwona mtu anayekula akiambiwa ale, anayekoga akiambiwa akoge, na ukimuuliza kama chai ina sukari anakitazama kikombe kwanza. Baada ya arubaini alirudi kazini na kazi akaifanya vilevile. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba, basi nyumba nzima ilikuwa ni sauti yangu.

Mwezi wa tano baada ya msiba tulipiga harusi Jang'ombe, kwa Bi Bashira, anayemwoza binti yake wa mwisho. Kesho yake tulikaa sebuleni kwake, wanawake kumi na kompyuta moja. Picha ya kwanza ilifunguka na bi harusi amefifia, unamwona kama aliye nyuma ya pazia la bafuni. Nyuma yake amesimama msichana aliyeshika chetezo cha udi, na huyo ametoka mkali mpaka kope unazihesabu. Picha ya pili hivyo hivyo. Tulifika ya arubaini, bi harusi ukungu na yule msichana yuko wazi, anacheka, anajifuta jasho, anapiga chafya.

"Nassra, bibi wee," alisema Bi Bashira, "nilikwita umpige mwanangu au umpige mbeba chetezo?"

Wanawake walicheka, lakini yeye hakucheka. Nassra alisema kamera itakuwa ina kasoro na ataipeleka kwa fundi. Akaikabidhi bahasha kama kawaida. Nilimwona kabla ya kuichomoa kadi, ameitazama ile picha ya arubaini muda mrefu.

"Unamjua yule msichana?" nilimuuliza njiani.

"Simjui."

Fundi wetu ni Mudrik, ana kibanda Mkunazini chenye upana wa mlango. Ni kijana mpole, na anajua kwamba kamera ya Nassra huletwa bila kadi. Alitia kadi yake, akailenga njiani, akawapiga wapita njia, akampiga mshona viatu wa mbele yake, akanipiga na mimi nimenuna. Kisanduku kilikuwa cheupe na kilikaa pale pale kinapotakiwa. "Mbona nzima hii, Bi Nassra?" alisema. Akaanza kufungua kurasa za ndani, moja baada ya nyengine, kisha akasimama.

"Kuna uso umesajiliwa humu. Mmoja. Na umetangulizwa mbele ya nyuso zote. Nifungue tuone wa nani?"

Sijamwona dada yangu akienda kasi namna ile tangu msiba. Kiganja chake kilikuwa juu ya kiwamba cha kuonea picha kabla Mudrik hajamaliza kusema.

"Usifungue."

Mudrik alirudisha mikono yake, akatazama feni. Mtu mwenye adabu. Kisha alitueleza, macho yakiwa bado kule juu. Kamera hizi zina kumbukumbu yao wenyewe, mbali na kadi. Unamsimamisha mtu mbele ya lenzi, anatazama mbele, nayo inajifunza: masafa baina ya macho, pua, kidevu. Baada ya hapo hata akiwa katikati ya watu mia, kamera itawaacha wote imfuate yeye, na kisanduku kitageuka kutoka cheupe kiwe rangi ya chungwa.

"N'limsajili mimi," alisema Nassra. "Zamani, nlipokuwa najifunza."

Hakumtaja, wala hakuhitaji. Uso wa mteja haukai ndani ya kamera inayokwenda kwenye harusi za watu wengine, kwa hiyo alipotaka kuujua ule ufundi alimwita mwanawe. Sumaiya alikuwa ametoka kukoga, kichwa wazi, ana haraka zake. Alisimama ukutani dakika moja akaenda zake, na hakuna aliyelikumbuka jambo lile tena. Sisi kwetu picha ni kadi. Kadi ikishatoka, kamera ni chombo kitupu, ndivyo tulivyowaapia wanawake wa mji mzima miaka yote. Siku ya kufuta alifuta kila chenye kadi, na kamera akaiweka kabatini.

"Lakini yule mwenye chetezo hakufanana naye," nilisema. Niliona nimesema kwa sauti kubwa.

"Programu hii ya zamani hubabaika," alisema Mudrik. "Isipomwona mwenyewe humchukua anayekaribia. Ipo mpya imetoka mwezi huu. Imefunzwa kwa nyuso nyingi zaidi, mpaka za watu kama sisi, haichanganyi. Nikutilie? Dakika kumi tu. Na zitakazokuja huko mbele, Bi Nassra, zitamjua mtu kwa mgongo, kwa mwendo wake, uso ukiwa umegeuka au umefunikwa. Washaanza kujaribu."

"Basi hizi ninja tutavaa za nini?" nilimwambia.

Alicheka. Nassra alikuwa bado kwenye lile la kwanza.

"Hiyo mpya. Mwenyewe ikiwa hayupo?"

"Ikiwa hayupo, hayupo. Kisanduku hakiwaki chungwa."

"Hakiwaki kabisa?"

"Kabisa. Ndio uzuri wake huo. Au kama hutaki, futa huo uso tu, kitufe kimoja. Nakuelekeza, unabonyeza mwenyewe, mie n'tageuka."

"Usifute," alisema Nassra. "Na hiyo mpya usiitie."

Tulirudi kwa miguu mpaka nyumbani. Nilimkumbusha wasia. Nilimwambia kwamba mtoto alisema zote, na hakusema zote isipokuwa moja.

"Sikuufungua," alisema. "Wala s'toufungua. Hakuna anayemwona."

"Kamera inamwona."

"Kamera si mwanamme, Nusrat."

Nikafungua mlango wa nyumba bila kugomba. Kwangu mimi hilo ni tukio.

Tangu siku hiyo namna yake ya kupiga picha ilibadilika. Akiingia ukumbini hakuanza na bi harusi. Aliiweka kamera jichoni akaizungusha polepole kutoka mlangoni mpaka jukwaani, uso kwa uso, kama mzazi aliyekuja kumchukua mtoto skuli inapotoka. Harusi nyingi kisanduku cha chungwa hakikuwaka. Makunduchi hakikuwaka, Fuoni hakikuwaka. Paje kiliwaka kwa mkulima wa mwani, mama wa watoto wanne, viganja vimepasuka kwa chumvi na gauni la manjano la kuazima. Nassra alimfuata alasiri nzima, akicheza, akila, akimfunga mtoto mkanda wa kiatu. Bi harusi wa Paje alipata picha kumi na moja zilizotoka sawa. Bwawani kiliwaka kwa mpishi, mara mbili, akiwa amekaa karibu na taa, na taa ikihama kinazima. Hao wawili na yule wa chetezo, ukiwapanga pamoja huoni kinachowaunganisha.

Hakutaka kujuana nao. Hakuwauliza majina wala hakubaki na picha zao, maana bahasha ziliendelea kutolewa na kadi ndani. Alichotaka ni kiwake.

"Unahisi nini kikiwaka?" nilimuuliza siku ya Paje, tukisubiri gari.

"Sihisi kitu. Kinawaka tu."

Nilimwonea uchungu, na nilikasirika kwa sababu nilimwonea uchungu. Maneno yalikuwa yameshaenea. Bi Bashira hana mdomo wa kufunga, na Jang'ombe yote ilijua kwamba Nassra macho yamekwisha. Waliokwisha kutuwekea siku walianza kupiga simu kuomba radhi: mara harusi imeahirishwa, mara kuna binti wa ami naye anapiga picha. Mwisho ilibaki moja, ya Kiwengwa. Mama wa bi harusi ndiye bi harusi wa kwanza kabisa Nassra kumpiga picha, miaka ishirini na mbili nyuma. Alimpigia simu mwenyewe. "Nakupa kwa heshima ya zamani, dada," alimwambia. "Usin'haribie mwanangu." Baada ya hapo sisi wote wawili tulijua kwamba ikiharibika hiyo, hakuna atakayetuita tena, na mwanamke wa miaka arubaini na tisa aliyefanya kazi moja maisha yake yote hana pengine pa kwenda.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi baada ya Alasiri nilimkuta chumbani anakunja kanga. Nilimwambia mambo ni mawili: atie ile programu mpya, au apige simu Kiwengwa wamtafute mtu mwengine leo. Aliendelea kukunja. Nilimwambia kwamba amemfanya mwanawe kuwa mchezo wa taa. Hilo lilikuwa neno baya na nililijua linapotoka. Akaitandika kanga iliyokwisha kukunjwa, akaikunja tena.

Basi nikaichukua kamera mezani. Miaka yote nabeba taa, chombo kile sikuwahi kukiweka jichoni. Nilikusudia kuutafuta ule ukurasa na kuufuta uso, liwalo na liwe, lakini sijui hata pa kuanzia, nikabonyeza huku na huku, na kwa hasira tu nikainyanyua nikamwelekezea yeye.

Kisanduku kilikaa kwenye jicho lake la kushoto. Kilikuwa rangi ya chungwa.

Nilishusha. Nikadhani ni mwanga wa dirishani. Nilinyanyua tena, naye akainama kuchukua kanga nyengine, kisanduku kikapotea. Alipoinuka kikamdaka, rangi ile ile.

"Dada."

"Nini?"

"Kinawaka."

"Kinawaka kwa nani? Chumba kitupu hiki."

"Kwako wewe."

Aliacha kukunja. Sote tulikuwa tukisema Sumaiya ni baba yake mtupu, na Nassra mwenyewe akisema hivyo, kwa fahari, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mtu mzuri wa sura. Mmoja ishirini na tatu, mwengine arubaini na tisa, na hii mifuko chini ya macho aliyoipata mwaka huu. Kamera ilikuwa imewapima wanawake wa kisiwa kizima, na haikuwahi kumpima yeye hata mara moja, kwa kuwa siku zote yeye yuko nyuma yake.

Kiwamba cha kamera hizi kinafunguka na kugeuka, mtu akajiona mwenyewe. Nilikigeuza. Nassra alikaa ukingoni mwa kitanda akatazama. Alipeleka kichwa kushoto, kisanduku kikaenda. Akapeleka kulia. Alivua mtandio, nywele zake zina mvi mbele, kikabaki palepale. Kamera ilikuwa nzito, lakini sikushusha. Hakulia, alijitazama tu kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mdogo.

"Betri itakwisha," alisema mwishoni. Akajitanda mtandio wake. "Kesho asubuhi twende kwa Mudrik."

"Ukafute?"

"Nikatie hiyo mpya. Mwana wa mtu anaolewa."

Ijumaa tulifika Mkunazini kabla kibanda hakijafunguliwa. Mudrik alifanya kazi yake kwa dakika kumi kama alivyosema, akaichomoa waya, akairudisha kamera kwa mikono miwili.

"Uso bado umo, Bi Nassra. Haukufutika. Na sikuufungua."

"Ahsante, mwanangu."

Tulipofika kwenye uchochoro usio na watu, Nassra alisimama akaegemea ukuta, akafunua ninja yake, akanipa kamera.

"Nielekezee."

Nilichungulia. Kisanduku kilikwenda moja kwa moja kwenye jicho lake la kushoto, haraka kuliko jana, kikatulia. Nilisubiri. Aligeuza uso kushoto, kisha kulia, taratibu. Alivua miwani. Kisanduku kilikuwa kinamjua vizuri sana, kila upepeso wa kope, na hakikubadilika rangi. Nilitaka kumdanganya. Maisha yangu yote nimesema ukweli pasipotakiwa, na pale nilitaka kumwambia kinawaka, dada, kinawaka.

"Nusrat. Rangi gani?"

"Cheupe."

"Haya," alisema. Akavaa miwani yake, akaishusha ninja, tukaenda zetu kuchaji betri.

Kiwengwa hakuna aliyelalamika. Picha mia sita, na katika kila moja bi harusi yuko wazi, hata ile anapokimbia kumkumbatia bibi yake na watu wanakatiza mbele. Mama yake alilia kwa furaha sebuleni, akawapigia simu wenzake palepale kuwaambia Nassra amerudi. Bi Bashira naye ameleta salamu, ana mjukuu wa kuoza mwezi ujao. Kazi ipo tena, tunachoka vizuri.

Lakini mimi namwona. Kila ukumbi, kabla hajamgusa bi harusi, anaiweka kamera jichoni na kuizungusha kutoka mlangoni mpaka jukwaani, uso mmoja mmoja. Namulika taa anapopita na wala simhimizi. Sumaiya yumo mle ndani, hajafunguliwa na mtu. Kamera inamtafuta kwenye kila harusi ya kisiwa hiki, na siku hizi haikosei.